HISTORIA YA FLASHI: ENZI ZILE TULIVYOTEMBEA NA KOMPYUTA SHINGONI

Leo naomba tuache kidogo habari za mastaa na nani kaachana na nani, tuongee kuhusu kitu ambacho nusu yenu mnacho kwenye droo hapo ndani na mmeshakisahau. Flashi. Ndiyo, hiyo hiyo ya kujazia nyimbo.

Ila leo siongelei nyimbo wala movi. Naongelea watu waliokuwa wanaitumia flashi kama kompyuta kabisa. Yaani programu zote ziko ndani ya flashi, unachomeka kwenye kompyuta ya mtu yeyote, unapiga kazi yako, unachomoa, unaondoka na kila kilicho chako. Programu hizo zinaitwa potabo. Mimi ni mmoja wa waliozitumia, na bila hicho kitu hata hapa usingekuwa unanisoma. Twende sawa.

BRO WA STESHENARI

Mwaka 2017 matokeo ya kidato cha nne yalishatoka, na ya kwangu hayakuwa ya kwenda kidato cha tano. Kwetu Nyakasimbi, Karagwe, ukimaliza shule namna hiyo kuna migomba, kuna kahawa, kuna bodaboda. Sidharau, vyote vimenilisha. Lakini mimi roho yangu ilikuwa kwenye kompyuta, na shuleni kompyuta tuliisoma kwa kuchorewa kibodi ubaoni. Unajua kabisa herufi A iko wapi, ila hujawahi kuibonyeza.

Basi nikawa nikipata vihela napanda bodaboda hadi Kayanga, kwenye steshenari moja ambayo siitaji. Kompyuta tatu, printa moja, mashine ya kutoa kopi moja. Ukutani kuna karatasi imebandikwa: USICHOMEKE FLASHI BILA RUHUSA. HAIRUHUSIWI KUINSTOLI KITU. Nalipa nusu saa, nakaa, natazama saa kwenye kona ya skrini kuliko ninavyotazama kazi yenyewe.

Siku moja akaingia jamaa mmoja, umri kama miaka 30 hivi, kavaa kamba ya kiatu shingoni kama kitambulisho cha kazini, kwenye kamba inaning'inia flashi. Mwenye duka hakumzuia, kumbe ndiye aliyekuwa anamsafishia virusi. Akachomeka. Kwenye kona ya chini kulia ikatokea menyu ndogo, akabonyeza, ikafunguka Firefox yenye kurasa zake zote alizohifadhi. Akafungua programu ya kuandikia barua, akafungua VLC, akaweka mziki kwa mbali. Kwenye kompyuta ile ile ambayo mimi jana yake nilikuwa naiona haina kitu zaidi ya Word iliyochoka!

Nikamwambia, "Shikamoo kaka. Samahani, hizo programu umeziweka saa ngapi?"

"Marahaba dogo. Humu sijaweka kitu. Nimekuja nazo."

Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Wote tulimwita Bro, na hapa atabaki kuwa Bro.

KOMPYUTA YA WATU

Ili uelewe kwa nini lile jibu lilinichanganya, lazima ujue sisi na kompyuta tumetoka wapi. Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri, na ilipofika 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Ndiyo, umesoma vizuri. Marufuku ilikuja kulegezwa miaka ya baadaye, lakini wakati huo wenzetu huko duniani walishaanza kuwa na kompyuta sebuleni.

Kwa hiyo wengi wetu kompyuta hatukuikuta nyumbani. Tuliikuta kwenye kafe ya intaneti, kwenye steshenari, ofisini kwa mjomba. Intaneti nayo kwa miaka mingi ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kukatika katika, mpaka Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam. Na sisi watu wa Kagera tulikuwa na letu: umeme wetu ulikuwa unatoka Uganda, mkoa ukiwa nje ya gridi ya taifa. Ukikatika umekatika, na kijijini ambako nguzo hazijafika unategemea sola ya jirani au jenereta ya duka.

Sasa kompyuta ya watu ina taabu tatu. Kwanza, huwezi kuinstoli programu unayoitaka, kwa sababu Windows inadai nywila ya mwenye kompyuta. Pili, chochote utakachoacha, anayekaa baada yako anakiona. Tatu, ukirudi kesho kazi yako imefutwa, au kompyuta yenyewe imepelekwa kwa fundi. Unalipa kila siku, ila siku zote unaanza moja.

FLASHI INAZALIWA

Kabla ya flashi kulikuwa na flopi, ile diski bapa ya mraba. Ilibeba MB 1.44 tu. Wimbo mmoja wa MP3 wa dakika nne una kama MB 4, piga hesabu mwenyewe, hata robo tatu ya wimbo haiingii.

Mwaka 2000 ndipo flashi zilipoingia sokoni. Kampuni ya Trek 2000 ya Singapore ikatoa yake ikaiita ThumbDrive. Mwaka huo huo IBM wakaanza kuuza ya M-Systems, kampuni ya Israel, iliyoitwa DiskOnKey. Trek na M-Systems walikuja kufikishana mahakamani wakigombea nani mwenye haki na uvumbuzi huo. Ile ya IBM ilibeba MB 8. Leo tunacheka, lakini hizo ni zaidi ya flopi tano kwenye kitu kidogo kama kidole.

Mwaka 2001 ikaja Windows XP, ambayo ilikuwa inaitambua flashi yenyewe bila kuwekewa diski ya kuitambulisha. Hapo ndipo flashi ikawa kitu cha kila mtu. Ila bado watu waliitumia kama mfuko tu: unabeba barua, unabeba picha, unabeba nyimbo. Wazo la kubeba programu nzima ikafanya kazi humo humo lilikuwa halijawaingia wengi.

MWAKA 2004

Mwaka huu naupenda sana kwa sababu mambo mawili yalitokea, moja mbali na moja kwetu.

Huko New York, Marekani, jamaa anaitwa John T. Haller alichukua brauza ya Firefox, iliyokuwa bado changa, akaitengeneza iweze kukaa kwenye flashi na kutembea na mipangilio yake yote. Baada ya Firefox zikafuata programu ya barua pepe, programu za ofisi na nyingine kibao, zote bure. Mradi ule baadaye ukaitwa PortableApps.com, na ile menyu niliyoiona kwa Bro ilikuwa ya hao.

Na huku kwetu, mwaka huo huo 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mradi wao uliitwa Kilinux. Vijana wengi hawajawahi kuusikia, na inaniuma, kwa sababu ni watu waliokaa wakabishana kila neno la kompyuta liitweje kwa lugha yetu. Hiyo OpenOffice ndiyo iliyomzaa LibreOffice, ambayo mimi niliikuta kwenye flashi ya Bro ikiwa potabo. Kwa hiyo ndugu hawa wawili wa mwaka 2004 mimi nilikutana nao siku moja, meza moja, Kayanga.

INAFANYAJE KAZI?

Bro alinieleza hivi. Programu ya kawaida ni kama mpangaji. Akihamia anagonga misumari ukutani, anaacha nguo kabatini, anaandika jina lake kwenye daftari la mwenye nyumba. Daftari hilo Windows wanaliita rejista. Ndiyo maana lazima mwenye nyumba aruhusu, na hata ukimfukuza, vitu vyake vingine vinabaki.

Potabo ni mgeni aliyekuja na mkeka wake. Mipangilio yake, historia yake, nywila ulizohifadhi, vyote vinakaa kwenye folda yake ndani ya flashi. Analala, asubuhi anakunja mkeka, anaaga. Haombi nywila ya mwenye kompyuta kwa sababu hagongi msumari popote.

Ila mkeka una masharti. Kwanza, usichomoe flashi ghafla wakati programu ziko wazi, kwa sababu zinaandika humo humo. Funga zote, kisha bonyeza pale pa kuitoa kwa usalama. Pili, flashi nyingi zinakuja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye zaidi ya GB 4. Ndiyo maana movi inagoma kuingia wakati nafasi ipo kibao. Tatu, ni polepole kuliko programu iliyokaa kwenye kompyuta yenyewe, na flashi inachakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi.

Makampuni nayo yalijaribu. Mwaka 2005 SanDisk na M-Systems walileta kitu kinaitwa U3: flashi yenye menyu yake, ukichomeka kompyuta inaiona kama CD pamoja na flashi. Bro alikuwa nayo moja ya zamani. Tatizo, programu ilibidi itengenezwe maalumu kwa ajili ya U3. Haikudumu. Zile za bure za kwenye folda la kawaida ndizo zilizobaki.

VIRUSI VILIVYOTUTIA ADABU

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya ukutani. Mwenye duka hakuwa na roho mbaya, alikuwa ameumwa.

Windows za zamani zilikuwa na tabia ya kuendesha vitu vyenyewe ukichomeka kifaa. Virusi vikaigeuza hiyo kuwa njia ya kupita. Mwishoni mwa 2008 kirusi cha Conficker kilizagaa dunia nzima, na flashi ilikuwa moja ya njia zake. Mwaka 2010 ikagundulika Stuxnet, ambayo ilifika kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran, mahali ambapo hapajaunganishwa na intaneti, na inaaminika ilibebwa na flashi. Februari 2011 Microsoft wakasambaza sasisho la kuizima ile tabia kwa flashi kwenye Windows za zamani. Lakini sasisho linapakuliwa kwa intaneti, na kompyuta za steshenari zetu bando la masasisho zingelitoa wapi?

Wote mnakumbuka kirusi cha shotikati. Unafungua flashi unakuta mafolda yote yamegeuka vimshale. Watu walikuwa wanalia, wanafomati, wanapoteza kila kitu. Kumbe mafaili yapo, yamefichwa tu. Bro alikuwa anafungua lile dirisha jeusi, anaandika attrib -h -r -s /s /d, mafaili yanarudi. Mama mmoja mwalimu alirudishiwa matokeo ya darasa zima mbele yangu, akamwita Bro mganga.

Na potabo nazo hazikupona. Kuna virusi kama Sality vinavyojishika kwenye programu zenyewe, kwa hiyo flashi iliyojaa programu ni karamu kwao. Ukichomeka kwenye kompyuta chafu asubuhi, jioni unawapelekea wengine ugonjwa huku unajiona mjanja. Bro alikuwa na flashi ya pili nyumbani, safi, haitoki. Kila wiki anafuta ya shingoni na kuijaza upya kutoka kwa ile.

SISTA NA HELA YA MJOMBA

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba haya mambo si ya utundu tu.

Kuna sista mmoja, naye simtaji, alikuja steshenari kuprinti barua ya maombi ya kazi. Akaingia Facebook kidogo kuchukua picha yake, akaprinti, akalipa, akaondoka. Hakutoka kwenye akaunti. Mtu aliyekaa baada yake akatulia, akaanza kuandikia ndugu zake mmoja mmoja: nina shida, nitumie hela kwenye namba hii. Mjomba wake akatuma. Shangazi akatuma.

Alipokuja kushtuka, nyumbani walishamuona tapeli. Akisema si mimi, wanamwonyesha meseji zenye jina lake na picha yake. Waitu, yule binti alikaa pale kwenye benchi la steshenari analia, anamwomba mwenye duka amwambie mjomba kwa simu kwamba kompyuta ni ya watu wengi. Mwenye duka akakataa, anaogopa duka lake kuchafuka. Bro ndiye aliyechukua simu akaongea na mjomba, kwa Kinyambo, taratibu kabisa, kama nusu saa. Sijui kama mjomba aliamini yote. Ila binti alirudi nyumbani siku ile.

Kabla hajaondoka Bro alitoa flashi ndogo mfukoni, akamwekea Firefox ya potabo, akamwonyesha. Akamwambia, "Dada yangu, kompyuta ya watu usiiachie jina lako."

Tangu siku hiyo nikaanza kuangalia desktopu za steshenari kwa jicho jingine. Wewe mwenyewe fungua uone. CV za watu. Vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa. Namba za NIDA. Maombi ya mkopo wa chuo yenye majina ya wazazi na namba za simu. Mtu alikuja mara moja mwaka juzi, na maisha yake bado yako pale, kwenye folda linaitwa "NEW FOLDER 7". Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake. Ni jambo zuri sana. Lakini sheria haitakuja kukufutia cheti chako kwenye desktopu ya mtu leo jioni. Hilo ni la kwako.

Na nisiwadanganye, potabo nayo haikufichi kila kitu. Kama mwenye kompyuta kaweka programu ya kunasa unachobonyeza, nywila yako ataipata tu. Ukifungua faili, Windows inaweza kubakisha kumbukumbu ya jina lake. Na ukiangusha flashi barabarani bila kuifunga kwa nywila, umemwangushia mtu nyumba yako na funguo.

FLASHI YANGU YA GB 4

Bro alinipa sharti: nilete flashi yangu. Nikabeba mikungu ya ndizi mpaka nikapata hela ya GB 4. Akanijazia LibreOffice, Firefox, VLC, Audacity ya kukata sauti na programu moja ya kujifunza kuchapa bila kuangalia kibodi. Vyote vikabakisha nafasi ya kutosha.

Kuanzia hapo kompyuta ya yeyote ikawa kompyuta yangu. Ya steshenari, ya ofisi ya kijiji kwa mtendaji mwenye roho nzuri, ya mtoto wa jirani aliyekuja likizo. Nilikuwa naandika nusu ukurasa Jumatatu Nyakasimbi, naumalizia Alhamisi Kayanga, na kila nikifungua nakuta mshale uko pale pale nilipoachia. Makala zangu kumi za kwanza zimeandikwa hivyo. Sikumiliki kompyuta mpaka miaka mitatu baadaye, na wasomaji wangu wa mwanzo hawakuwahi kujua.

Leo mtasema simu inafanya yote hayo. Ni kweli, na akaunti yako inakufuata popote ukiingia. Ila zamani mkeka wangu ulikuwa shingoni kwangu. Leo uko kwa kampuni ya mbali, na bando likiisha hunao. Ndiyo maana flashi yangu bado ina kazi. Nimeweka Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007, inayosoma Wikipedia bila intaneti kabisa. Wadogo zangu wanaisoma kwenye kompyuta ya jirani, hakuna bando, hakuna nywila ya mtu.

Bro alihama Kayanga, wengine wanasema yuko Mwanza, wengine wanasema alivuka Murongo akaenda Uganda. Ile GB 4 ilikufa, ukiichomeka kompyuta inalia tu. Lakini nilishajifunza kwake: kopi ilikuwa nyumbani.

Kama bado mnatumia kompyuta za watu, fanyeni mambo mawili tu leo. Rudini pale mlipoprinti CV mara ya mwisho, ombeni mafaili yenu yafutwe, na kwenye lile pipa la taka pia. Halafu itafuteni hiyo flashi kwenye droo.

Na wewe, flashi yako ya kwanza ilikuwa ya GB ngapi, na nani alikujazia? Kama kuna anayemjua jamaa mwenye flashi kwenye kamba ya kiatu, mwambieni dogo wa Nyakasimbi anamsalimia.